Kona za fremu hazifungi? Soma mwanya kabla ya kununua msumeno mwingine

Ukibana vipande vinne vya fremu na kona tatu zikakaa vizuri, kona ya nne ndiyo itakayokwambia ukweli, kwa sababu makosa ya kona zilizotangulia yote huishia hapo. Watu wengi wanaoanza kutengeneza fremu za picha huutazama mwanya ule wa mwisho, wakaulaumu msumeno, kisha wakaanza kutafuta mwingine wa bei kubwa zaidi. Mara nyingi msumeno mpya huleta mwanya uleule.

Nimekata maita, yaani mikato ya mshazari inayokutana kwenye kona ya fremu, kwa misumeno ya pembe ya bei ndogo na ya bei kubwa (ile ya umeme ambayo kichwa chenye bledi hushushwa juu ya meza inayozunguka), na ninachokiamini ni hiki: mwanya una upande wake, una mahali pake na una wakati wake. Ukijua kuusoma, utajua kama kosa liko kwenye pembe, kwenye urefu, kwenye bledi, kwenye mbao, au kweli kwenye mashine yenyewe. Kwa hiyo naanza na dalili. Suala la msumeno upi ununue linakuja mwishoni, kwa kuwa jibu lake linategemea ulichokiona kwenye dalili.

Kwa nini kosa dogo huonekana kubwa

Fremu ina kona nne, na kila kona ina mikato miwili. Hiyo ni mikato minane, kila mmoja ukitakiwa kuwa digrii 45. Chukulia msumeno wako umekosea robo digrii tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukisoma kwenye kipimo cha mashine. Kila kona itakosea nusu digrii. Ukizilazimisha kona tatu zifunge kabisa, kosa la mikato yote minane hukusanyika kwenye ya nne na kuwa digrii 2. Kwa ubao wenye upana wa milimita 50, uso wa maita una urefu wa karibu milimita 71, na digrii 2 kwenye urefu huo ni mwanya wa karibu milimita 2.5. Hapo hata mtu asiyejua randa ni kitu gani atauona.

Ndiyo sababu msumeno unaomtosha fundi wa kupaua au wa kupiga mbao za ukutani unaweza usimtoshe mtengeneza fremu. Kule puti na rangi hufunika. Fremu hutazamwa kwa karibu, na hutazamwa pamoja na kitu kizuri kilichomo ndani yake. Mimi hulenga kosa lisilozidi digrii 0.05 kwa mkato. Ni lengo linalofikiwa hata kwa msumeno wa kawaida, ila halifikiwi kwa kuamini namba zilizochapwa kwenye meza yake.

Kwanza, fremu ya majaribio

Usifanye uchunguzi kwa ubao wa fremu wenye nakshi. Chukua ubao bapa ulionyooka, MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ni nzuri kwa kazi hii, wenye upana wa milimita 60 hadi 80. Kata vipande vinne vya urefu sawa, kama milimita 300, kwa utaratibu uleule unaotumia siku zote. Usitie gundi. Vilaze juu ya kioo au meza tambarare, vikutanishe, vishike kwa utepe wa karatasi kwenye kila kona, kisha inua fremu uitazame ikiwa na taa nyuma yake. Mwanga utapita pale palipo wazi. Andika kwa penseli juu ya kila kona: wazi ndani, wazi nje, wazi nyuma, imefunga.

Fremu hii ikifunga vizuri, msumeno wako hauna kosa. Acha kuuhangaikia na usome yanayohusu mbao: dalili ya kona iliyo wazi nyuma, na ile ya fremu inayofunguka baada ya wiki kadhaa.

Dalili: mwanya uko upande uleule kwenye kona zote nne

Hili ni kosa la pembe, na ndilo rahisi kuliko yote kulitibu. Mwanya ukiwa upande wa nje wa kona, huku ncha za ndani zikigusana, mikato yako haijafika digrii 45. Mwanya ukiwa upande wa ndani, huku ncha za nje zikigusana, mikato imepita 45. Ukisahau kipi ni kipi, fikiria vipande viwili vilivyokatwa mraba kabisa, bila maita yoyote, vikakutanishwa kuwa kona: vitagusana ndani na nje patakuwa wazi. Kadiri mkato unavyopungukiwa na 45 ndivyo unavyoelekea hali hiyo.

Angalia kwanza kama msumeno una namna ya kurekebishwa. Mingi ina bamba lenye vituo, yaani vile vijishimo ambamo meza ya mzunguko hujifungia kwenye 0, 22.5, 45 na kadhalika. Bamba hilo hushikwa kwa skrubu. Ukizilegeza, bamba lote huzunguka kidogo, na mingine huruhusu ukuta wa nyuma, ule ambao ubao huegemea, kusogezwa badala ya bamba. Chomoa waya wa umeme, shusha kichwa, weka guni (kipimo cha fundi cha kona mraba) kati ya ukuta na bledi. Lakini hakikisha guni inagusa bamba la bledi na si meno, kwa maana meno yametoka nje kidogo kuliko bamba na yatakudanganya.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu hulikosa. Kona ya fremu haihitaji 45 na 45. Inahitaji mikato miwili ambayo jumla yake ni 90. Kushoto ukipata 44.9 na kulia 45.1, kona hiyo itafunga kikamilifu. Kwa hiyo usijichoshe kusaka 45 kamili kila upande. Kata kipande kimoja kwa kushoto na kimoja kwa kulia, vikutanishe nyuso zikiwa zimebanana, pima kona iliyopatikana kwa guni nzuri. Ikiwa ni 90, umemaliza. Na kumbuka kwamba kipimo hiki huonyesha kosa la mikato miwili kwa pamoja, kwa hiyo ni rahisi kulibaini.

Kama msumeno hauna skrubu za kurekebisha, au unarekebisha na bado pamebaki kidogo, tumia karatasi. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukiipachika kati ya ubao na ukuta, milimita 200 kutoka pale ubao unapogusa ukuta karibu na bledi, itageuza mkato kwa karibu digrii 0.03. Upande wa nje wa fremu ukiwa ndio unaoegemea ukuta, kanuni ni hii: mwanya ukiwa nje, karatasi iwekwe mbali na bledi, mkato utaongezeka, mwanya ukiwa ndani, karatasi iwekwe karibu na bledi. Ukishapata idadi ya karatasi inayofaa, zibandike kwa utepe ukutani na uziache hapo. Nimeona msumeno wa bei ya chini kabisa ukikata fremu safi kwa karatasi mbili zilizobandikwa ukutani.

Dalili: kona mbili wazi nje, mbili wazi ndani

Usiguse pembe. Hapa kosa ni la urefu. Pande mbili zinazotazamana hazilingani, na fremu imelazimika kuwa na upande mmoja mrefu. Kona mbili zilizo kwenye upande mrefu huwa kali kuliko 90, kwa hiyo hufunguka nje. Mbili nyingine hufunguka ndani. Mtu anayeona hivi akaenda kurekebisha pembe ataharibu msumeno uliokuwa sawa.

Ili kuthibitisha, chukua vipande viwili vinavyotakiwa kulingana, visimamishe mgongo kwa mgongo juu ya meza tambarare, linganisha ncha za upande mmoja, kisha pitisha ukucha kwenye ncha za upande wa pili. Ukucha huhisi tofauti ambayo futi haiwezi kuionyesha. Ukikwama hata kidogo, vipande havilingani.

Dawa ni kikomo. Usipime kila kipande kwa futi na penseli. Bana kipande cha mbao kwenye ukuta, au kwenye ubao mrefu uliofungwa ukutani, kisha kila kipande cha urefu huo kisukumwe mpaka kikiguse. Kata vipande viwili vya urefu mmoja mfululizo bila kugusa kikomo katikati.

Kikomo chenyewe kina hila zake. Ncha ya maita ni kali na laini, ukiigonga kwenye kikomo kilicho bapa hubonyea, na kipande cha pili kinatoka kifupi kuliko cha kwanza. Kata uso wa kikomo kwa digrii 45 ili uso wote wa maita ulale juu yake, badala ya ncha peke yake kubeba mgongano. Kisha kuna unga wa mbao. Kuna wakati nilihangaika kwa majuma kadhaa na msumeno niliouona umeharibika, fremu moja sawa, inayofuata si sawa, bila mpangilio wowote. Siku moja niliinama nikatazama kikomo kwa karibu, nikakuta unga umejibana pale chini, umekuwa kama ubamba mdogo mgumu, na kila kipande kilikuwa kinasimama juu yake. Tangu hapo vikomo vyangu vyote nimevikata mshazari wa milimita 3 kwenye ukingo wa chini, ili unga upate pa kwenda, na brashi iko karibu.

Urefu wenyewe upigie hesabu kutoka kwenye picha. Fremu ina rebeti, yaani ile hatua iliyochongwa upande wa nyuma ambamo kioo na picha hukaa. Ongeza milimita 3 kwenye kipimo cha kioo ili kisibane, kisha ongeza mara mbili ya upana wa ubao ukiutoa upana wa rebeti. Kwa kioo cha milimita 400 kwa 300 na ubao wa upana wa 40 wenye rebeti ya 6, pande ndefu zinakuwa 403 jumlisha 68, yaani 471, na fupi 371, kutoka ncha ya nje hadi ncha ya nje.

Dalili: mbele kona imefunga, ukigeuza nyuma iko wazi

Au kinyume chake. Kwenye fremu ya majaribio ya ubao bapa, hii inamaanisha bledi haijasimama wima juu ya meza. Chomoa waya, shusha kichwa, simamisha guni ndogo juu ya meza na uiguse kwenye bamba la bledi. Misumeno karibu yote ina skrubu ya kurekebisha wima, nyuma ya bawaba ya kichwa.

Lakini ukiona dalili hii kwenye ubao wa fremu halisi tu, na ubao bapa ulikuwa sawa, kosa liko chini ya ubao wako. Rebeti imeondoa mbao upande mmoja, kwa hiyo ubao umesimama kwa mguu mmoja. Ukiubana au ukiushika kwa nguvu huinama kuelekea kwenye rebeti, na bledi inakata ubao ulioinama. Chonga kijiti cha unene sawasawa na kina cha rebeti, kiweke chini ya rebeti kila unapokata. Ni kazi ya dakika tano, na imenitatulia matatizo mengi kuliko skrubu yoyote ya mashine.

Dalili: mikato ya kushoto mizuri, ya kulia mibaya

Tazama ukuta. Ukuta wa msumeno wa pembe huwa nusu mbili, kushoto na kulia kwa bledi, na kwenye misumeno mingi nusu hizo hazipo kwenye mstari mmoja. Lalisha rula ya chuma iliyonyooka kuvuka nusu zote mbili na utazame mwanga nyuma yake. Kama kuna tofauti, legeza boliti za nusu moja uisogeze, au funga juu yake ubao mmoja ulionyooka unaovuka nusu zote mbili, uwe ndio ukuta wako mpya. Ubao huo una faida nyingine: ukishaukata mara moja, mkato wake unakuonyesha bledi itapita wapi hasa, na unaizuia mbao isimeguke nyuma.

Dalili: kipande kimoja sawa, kinachofuata si sawa, bila mpangilio

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote, na ndiyo peke yake inayoweza kukupa sababu ya kweli ya kununua msumeno mwingine. Lakini kabla ya hapo pitia mambo matatu.

La kwanza, mbao inateleza. Bledi iliyogeuzwa digrii 45 haisukumi mbao nyuma tu, huivuta pembeni pia, na vidole haviwezi kushindana na mota. Tazama mkato wako: ukiona uso wake umepinda kidogo, au una mistari inayobadili mwelekeo katikati, ubao ulisogea. Bandika msasa kwenye ukuta na ubane ubao kwa klampu. Wengi huona klampu inachelewesha. Kwenye maita klampu ndiyo kazi yenyewe, na pia huweka vidole vyako mbali na bledi. Nisingependa kuona mkono wowote ndani ya sentimita 15 za bledi inayozunguka.

La pili, bledi inapinda. Bledi nyembamba na kubwa, ikiwa butu, ikisukumwa haraka, hufuata njia yenye mbao laini. Shuka polepole. Acha meno yakate kwa mwendo wao. Ukifika chini, achia swichi na usubiri bledi isimame kabisa ndipo uinue. Kuinua bledi ikiwa inazunguka ni kuukata uso wa maita mara ya pili, na mkato wa pili haulingani na wa kwanza.

Njia rahisi ya kujua kama bledi inapinda: kata maita ya kawaida, kisha bila kugusa ubao shusha tena bledi polepole mahali palepale. Ikitoa unga kidogo zaidi, mkato wa kwanza ulikuwa umepinda. Mimi hukata kwa mikupuo miwili kila mara: wa kwanza unaacha karibu milimita 1, wa pili unasafisha. Mkupuo wa pili hauna mzigo, kwa hiyo bledi haina sababu ya kupinda.

La tatu, kichwa kinacheza. Chomoa waya, funga meza ya mzunguko, shusha kichwa nusu, shika mpini na usukume kushoto na kulia kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Kusogea kwa unywele mmoja kwa sababu ya mkono wa chuma kupinda kunakubalika. Ukisikia kitu kinagonga ndani ya bawaba, au ukahisi kichwa kinaanguka upande mmoja na kurudi, basi kinacheza. Kwenye baadhi ya misumeno bawaba ina nati inayokazwa, ijaribu. Kama haina, au ukikaza na bado inacheza, hapo ndipo nakubali kwamba msumeno huo si wa fremu. Utumie kwa kazi nyingine.

Dalili: kingo zinameguka, uso umeungua

Ni bledi, karibu kila mara. Bledi inayokuja na msumeno huwa na meno machache kwa sababu imetengenezwa kukata mbao za ujenzi haraka. Kwa bledi yenye kipenyo cha milimita 216 tafuta meno 60 au zaidi, kwa ya 254 meno 80, kwa ya 305 meno 96 au 100. Yawe meno yaliyochongwa mshazari kwa kupokezana, na yaliyoegemea nyuma kidogo badala ya mbele, maana meno yaliyoegemea mbele hunyakua ubao. Alama za kuungua humaanisha bledi ni butu au imeganda utomvu. Ioshe kabla ya kuitupa. Kwenye ubao uliokwisha kupakwa rangi au dhahabu, bandika utepe wa karatasi juu ya mstari wa mkato, na uso wenye nakshi utazame juu.

Dalili: fremu ilifunga siku ya kwanza, imefunguka baada ya wiki kadhaa

Hapa msumeno hauhusiki hata kidogo, na ni kosa linalowaumiza watu kwa sababu kazi ilishakabidhiwa. Mbao hunywea kwa upana lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao ukikauka, upana hupungua wakati urefu wa maita kwa upande wa urefu umebaki, na pembe iliyokuwa 45 inakuwa zaidi ya 45. Kwa hiyo kona hufunguka ndani. Mbao ikinywa unyevu ikavimba, kona hufunguka nje. Ukiona kona zote nne zimefunguka ndani baada ya muda, mbao yako ilikuwa mbichi kuliko chumba ilikopelekwa.

Tumia mbao iliyokauka vizuri, na uiache wiki moja au mbili ndani ya chumba chenye hali inayofanana na ya mahali fremu itakapotundikwa. Ubao mwembamba husogea kidogo kuliko mpana, kwa hiyo fremu za milimita 20 husamehe na za 80 hazisamehi. Paka gundi nyuso zote mbili za maita, kwa sababu ncha za nyuzi hunywa gundi: paka safu nyembamba, subiri dakika chache inywewe, paka tena, ndipo ubane.

Sasa, msumeno upi?

Baada ya yote hayo utaona kwamba vitu vingi vinavyouzwa kama ubora havina maana kwa fremu. Reli za kuteleza mbele na nyuma ndizo za kwanza. Zinakusaidia kukata ubao mpana, lakini ubao wa fremu mara nyingi hauzidi milimita 80, na kila reli ni sehemu moja zaidi inayoweza kucheza. Kwa fedha ileile, msumeno usio na reli, ambao kichwa chake hushuka tu kwa bawaba moja, huwa imara zaidi. Usiulipie uwezo usiouhitaji kwa uimara unaouhitaji.

Bledi kubwa pia si faida. Bledi ya 305 ina mkono mrefu wa kupinda kuliko ya 216, na bledi nzuri yake ina bei kubwa zaidi. Kwa fremu za kawaida, 216 au 254 inatosha. Kama unaweza kuchagua, chukua msumeno wa bei ya chini na utenge fedha za bledi nzuri, kuliko msumeno wa bei ya juu ukabaki na bledi iliyokuja nayo. Hakikisha tu tundu la katikati la bledi linalingana na la mashine: misumeno yenye tundu la milimita 30 na ile yenye la 16 kasoro kidogo ipo sokoni kwa wingi, na pete za kupunguzia tundu huongeza kosa.

Taa inayoonyesha mstari wa mkato ni ya kupendeza, lakini haina usahihi wa kutosha kwa maita. Kivuli cha bledi chenye taa nyuma yake ni bora kidogo. Zaidi ya hivyo nataka ukuta mrefu na mrefu wa kwenda juu, ulionyooka, wenye boliti zinazofikika, na vituo vya digrii 45 vinavyorekebishika.

Na kama unatengeneza fremu chache tu, usidharau njia ya mkono. Msumeno wa mkono unaoendeshwa juu ya nguzo ndani ya fremu ya chuma, kama wa Nobex kutoka Uswidi, hukata maita safi kwa ukimya, bila unga kutapakaa. Nyongeza nzuri kwa msumeno wowote ni ubao wa kurandia maita: ubao bapa wenye kizuizi cha digrii 45, ambapo randa iliyonolewa vizuri huondoa unyoya mmoja mmoja mpaka kona inafunga. Kwa ubao bapa usio na nakshi huo ni usahihi wa bure. Karakana kubwa za fremu hutumia mashine ya kukanyaga kwa mguu, kama Morsø ya Denmark, yenye visu viwili vinavyokata maita mbili kwa pamoja bila kusaga mbao, lakini bei yake huleta maana pale tu fremu ni kazi ya kila siku.

Ukinunua msumeno uliokwisha kutumika, nenda na guni yako, rula ya chuma na vipande viwili vya MDF. Kabla ya kuuwasha, fanya lile jaribio la kusukuma kichwa pembeni. Zungusha meza kushoto na kulia, ifunge kwenye 45, kisha ivutevute: ikiingia kituoni na bado inasogea, kituo kimeliwa. Weka rula ukutani. Uwashe usikilize mota, cheche nyingi mara nyingi humaanisha vile vijipande vya kaboni vinavyogusa mota vimekwisha, na hivyo hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo visikutishe. Kisha kata kimoja kushoto, kimoja kulia, vikutanishe na uweke guni. Pembe ikiwa imekosea kidogo usiogope, hilo utalirekebisha nyumbani kwa skrubu au karatasi. Rudia mkato uleule mara tatu. Ukipata kosa lilelile mara zote tatu, uchukue. Kosa likibadilika kila mara, urudishe.